Amenemope na kitabu cha Mithali

Swali: Ndugu zangu, nasikia Mithali 22:17 hadi 23:11 inafanana mno na Mafundisho ya Amenemope, maandishi ya hekima ya Misri ya kale. Je, ni kweli, na nani alimtangulia mwenzake?

Jibu la 1: Ni kweli. Mafunjo (karatasi ya kale ya matete) yenye mafundisho hayo yamo katika Makumbusho ya Uingereza. Yalichapishwa mwaka 1923, na mwaka uliofuata Adolf Erman, mtaalamu Mjerumani wa Misri ya kale, akaonyesha jinsi maonyo ya kutomnyang'anya maskini, kutofuatana na mtu wa hasira na kutosogeza mipaka ya mashamba yanavyolingana. Wataalamu wengi huona kwamba Amenemope ndiye wa kale zaidi.

Jibu la 2: Naongeza kwamba Amenemope alikuwa ofisa wa mashamba na nafaka, hivyo mipaka ilikuwa kazi yake hasa.

Jibu la 3: Hata hivyo, mwandishi wa Kiebrania hakunakili tu. Kwa Amenemope, mali ya wizi huota mabawa kama ya bata bukini. Katika Mithali ni tai, na mtetezi wa maskini ni Bwana mwenyewe. Kwa maoni yangu, huko ni kuazima kwa makusudi.