Breki za MX-5 ya 1993 uwanjani Brands Hatch: nichukue pedi zipi?

TangaMpakaKent

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa anayejua breki za gari jepesi uwanjani, maana Jumamosi nimeogopa kweli.

Gari langu ni Mazda MX-5 ya 1993, injini 1.6, halina ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki). Tairi la akiba na jeki nimeshusha, kwa hiyo bila mimi ndani halifiki tani moja. Siku za kazi linanipeleka Maidstone na kunirudisha. Mara moja kwa mwezi nalipia siku ya uwanjani Brands Hatch, uwanja wa mbio za magari huku Kent, Uingereza, ile njia fupi ya kilomita 1.9. Mwakani nataka kuingia sprinti, gari moja moja dhidi ya saa.

Kwa asiyeijua njia: unafika Paddock Hill ukiwa karibu kilomita 150 kwa saa, kona inadondoka bondeni ghafla, halafu unapanda mlima hadi Druids, kona inayokugeuza kurudi ulikotoka. Raundi ya saba au ya nane nimekanyaga breki za Druids kama kawaida, mguu ukaenda na pedali hadi karibu na zulia. Nikapampu haraka mara mbili, ikapanda kidogo, nikapita tairi mbili zikiwa kwenye majani. Nilipoingia kuegesha nilikaa dakika nzima sijavua helmeti.

Muuza spea mmoja kaniambia ninunue pedi (vile vipande vinavyobana diski) za mashindano za daraja la juu kabisa, zile za mbio za saa nyingi, nimalize shida. Mimi nilikuwa nawaza Mintex M1144 au Ferodo DS2500. Nichukue zipi?

FundiGongoLaMboto

Pole sana kijana. Hela iache mfukoni kwanza, jibu swali moja: pedali ilizama laini kama sponji, au ilibaki ngumu juu lakini gari halisimami?

Hayo ni magonjwa mawili. Pedali ikizama, mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, kile chuma kinachosukuma pedi zibane diski. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, ndiyo maana mguu unakwenda na gari nalo linakwenda. Pedali ikiwa ngumu na gari linateleza mbele, hapo pedi ndizo zimezidiwa na moto. Nimeshuka Kitonga na Canter ya mizigo miaka kumi na moja, yote mawili yamenipata. Lainingi ikiungua utaisikia harufu mapema. Mafuta yakichemka hupewi taarifa.

Na hayo mafuta yalibadilishwa lini?

TangaMpakaKent

Shikamoo mzee. Ilizama, laini kabisa. Nimekwenda kufungua kifuniko sasa hivi: mafuta yana rangi ya chai ya mkandaa. Gari nimelinunua miaka mitatu iliyopita na sijawahi kuyagusa.

FundiGongoLaMboto

Marahaba. Basi ugonjwa umeonekana. Mafuta ya breki yana madaraja ya DOT: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishakunywa unyevu wa hewani, kiwango chake ni 155 tu. DOT 5.1 ni 260 ikiwa mpya na 180 ikishanyonya maji. Usichukue DOT 5 bila hiyo .1, ile ni silikoni, haichanganyiki na hizi. Mwaga yote ya zamani, toa upepo kwenye mafuta ya breki, gurudumu kwa gurudumu, ukianzia lililo mbali zaidi na masta, ile pampu inayosukumwa na pedali. Ungeweka pedi za bei mbaya juu ya mafuta haya, Druids ungepita vilevile kwenye majani, na siku nyingine majani yasitoshe.

DadaWaDruids

Mzee kasema kweli tupu. Naongeza upande wa pedi, kwa sababu kosa ambalo muuza spea anakusukumia nililifanya mimi, gari kama lako, uwanja huo huo.

Nilinunua pedi za mbio ndefu nikiamini kali ndiyo salama. Asubuhi ya Machi, baridi, raundi ya kwanza nikakanyaga kwa Paddock na gari halikushtuka. Pedali ngumu, mguu unatetemeka, na hakuna kinachoshika. Raundi ya nne zikaanza kuuma. Ya sita zikawa nzuri. Kisha bendera nyekundu, tukarudi kusimama dakika kumi, na nilipotoka tena nikaanza upya na pedi za baridi.

Nikanunua rangi za kupima joto, zile unazopaka ukingoni mwa diski. Kuna ya kijani inayobadilika nyuzi 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Nikachora mistari mitatu mbele kulia, nikaendesha dakika 20 kwa nguvu zangu zote. Niliporudi nikachuchumaa na tochi: kijani imefifia yote, chungwa haijaguswa. Kwa hiyo diski zangu zilipita 430 na hazikufika 560. Pedi zangu zilitengenezwa kwa joto ambalo gari langu halilifikii! Gari la tani moja na nusu likipunguza mwendo uleule linamwaga joto mara moja na nusu ya letu, na kile kisanduku cha pedi kiliandikwa kwa ajili yake.

Nikarudi kwenye DS2500 mbele, na ndizo nilizonazo hadi leo. Zinashika ukitoka nyumbani asubuhi na zinavumilia dakika 20 za uwanjani. M1144 nayo ni nzuri kwa anayeanza. Kwa sprinti ndiyo usiseme: unakimbia raundi chache ukitokea kwenye foleni, breki zikiwa baridi. Pedi isiyouma ikiwa baridi itakunyima muda kwenye kona ya kwanza kabisa.

Nyuma usiweke kali kuliko mbele. Paddock inaposhuka, mkia wa gari unakuwa mwepesi, na bila ABS tairi za nyuma zikijifunga utaiona njia uliyotoka.

Sasa, kabla ya pedi mpya, fanya kazi mbili. Chomoa kalipa za mbele uvute pini zinazotelezea. Zikikwama, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Halafu nyuma: kwenye kalipa kuna boliti ya 14, ifungue, ndani utakuta tundu la spana ya alen ya milimita 4. Kaza mpaka diski ikamatwe, kisha rudisha theluthi ya mzunguko. Wengi wanalalamika pedali ndefu kwenye MX-5 na shida ni hiyo tu.

MsafiriDubai

Huku uwanja wa Dubai Autodrome wakati wa joto hewa yenyewe ni nyuzi 40, kwa hiyo mafuta ya breki nabadilisha kila baada ya miezi miwili ya kukimbia. Kaka, raundi ya mwisho iwe ya kupoza, usiguse breki ila kwa lazima. Ukirudi usivute hendibreki, tia gia. Ukizikandamiza pedi kwenye diski ya moto zinaacha alama, na hiyo alama utaisikia mguuni. Mimi ningeongeza diski za matundu.

DadaWaDruids

Diski za matundu hapana, ndugu yangu. Mpasuko unaanzia kwenye tundu. Nimeshika yangu mkononi, ufa wa urefu wa kucha kutoka tundu moja. Diski za kawaida nzito zinatosha kwa gari hili.

TangaMpakaKent

Wakuu, nimerudi na majibu.

Jumapili nilitandaza gazeti uani nikafungua mbele. Kulia safi. Kushoto pini ya chini ilikuwa na kutu, nimeizungusha kwa koleo ndipo ikatoka. Pedi ya ndani imebaki milimita 3, ya nje 7. Dada, ulikuwa kama umeliona gari langu. Nimesafisha, nimepaka grisi ya breki, raba mpya. Boliti ya 14 nyuma imenitoa jasho, lakini pedali imepanda vidole viwili.

Mafuta ni DOT 5.1 mpya. Mbele DS2500, nyuma pedi za kawaida. Nimezizoesha usiku barabara ikiwa tupu: kutoka 80 hadi 30 mara kumi, sikusimama kabisa, kisha nikaendesha taratibu zipoe.

Leo nimetoka Brands. Vipindi vinne vya dakika 20, na pedali ilibaki mahali pale pale hadi raundi ya mwisho. Druids nimeanza kukanyaga nikiwa nimechelewa kidogo kuliko zamani, kisha nikachelewa zaidi. Diski zote mbili zina rangi ya kijivu sawasawa, hazina mabaka. Rangi za kupima joto nimeagiza, nitawaletea ninachoona.

Mzee, yale mafuta ya zamani nimeyaweka kwenye chupa ya maji ya plastiki. Chini kuna vumbi jeusi limejikusanya. Hilo ni raba ya masta inayokufa, au ni la kalipa?

FundiGongoLaMboto

Likiwa jeusi na laini, ukilisugua linapaka kidole, hiyo ni raba. Washa gari, kanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida uishikilie dakika moja. Ikishuka taratibu bila tone kuonekana nje, masta ndiyo inapitisha kwa ndani. Usiende uwanjani tena kabla hujanijibu.