Git: matawi ya wiki tatu na migongano isiyoisha, tubadili nini?

kibodi_moto
Wakuu, habari za kazi. Tupo sita, tunatunza msimbo kwa Git (programu ya kufuatilia mabadiliko), repo moja, yaani hifadhi moja ya msimbo na historia yake. Kila mtu hukaa na tawi lake (mkondo wake wa mabadiliko) wiki mbili hadi tatu, na siku ya kuunganisha na main, tawi kuu la wote, ni migongano mitupu: mistari ileile imebadilishwa na watu wawili. Ujumbe wa komiti (kila badiliko lililohifadhiwa) ni "fix", "fix2", "mwisho kabisa". Juzi mtu kapushi (kapeleka kwenye seva) kwa `--force`, yaani kwa kulazimisha, komiti za mwenzake zikatoweka. Tuanzie wapi?

fundi_seva
Mkuu, anzeni na umri wa matawi. Tawi lisizidi siku mbili. Git huunganisha kwa kulinganisha pande zote mbili na komiti ya mwisho zilipokuwa pamoja. Kadiri komiti hiyo inavyozeeka, ndivyo mistari iliyoguswa huku na huku inavyoongezeka. Kazi kubwa ikatwe vipande: leo safu mpya kwenye hifadhidata, kesho msimbo unaoijaza, keshokutwa skrini. Kisichokamilika kiingie main kikiwa kimezimwa kwenye mipangilio, mteja asikione.

Kila asubuhi kabla ya kuandika chochote, chukua mapya ya kwenye seva (fetch), kisha hamishia komiti zako juu ya main ya sasa (rebase):

`git fetch origin`
`git rebase origin/main`

Migongano itakuja kidogo kidogo, ungali unakumbuka ulichoandika. Washeni pia `git config --global rerere.enabled true`, ili mgongano ulioutatua ukijirudia Git itumie suluhisho lako lilelile.

Ila rebase ni kwa tawi ulilo nalo peke yako. Komiti hupata vitambulisho vipya, kwa hiyo mwenzako aliyechukua zile za zamani akipuli (akivuta mapya kutoka kwenye seva na kuyaunganisha) atajikuta na mabadiliko yaleyale mara mbili.

tawi_kavu
Kuhusu komiti zilizotoweka: msiandike upya! Ziko kwenye mashine ya aliyezitengeneza. Kama hata tawi lake halinazo tena, aendeshe `git reflog`, orodha ya komiti alizopitia kwenye mashine yake, atafute kitambulisho, kisha `git branch okoa` na kitambulisho hicho mbele yake. Fanyeni mapema, kwa kawaida kumbukumbu ya komiti zisizo na tawi huwekwa siku 30 tu.

Halafu fungeni main kwenye seva: hakuna kupushi moja kwa moja, hakuna `--force`. Kwenye tawi lako tumia `--force-with-lease`, inakataa kama tawi la kwenye seva limesogea tangu ulipoliona mara ya mwisho. Kuna mtego hapo. Kihariri kinachofanya fetch chenyewe huifanya Git iamini umeshaziona komiti ambazo hata hujazigusa, na zinafutwa vilevile. Ongeza `--force-if-includes`, ipo tangu Git 2.30.

mkaguzi
Komiti moja, jambo moja. Ukiwa umechanganya mambo kwenye faili moja, `git add -p` itakuuliza kipande kwa kipande. Kichwa kisizidi herufi 50 hivi, mstari mtupu, kisha sababu:

> Zuia malipo kuandikwa mara mbili
>
> Simu hutuma ombi lilelile tena isipopata jibu. Namba ya muamala inakaguliwa kabla ya kuandika.

Kilichobadilika kinaonekana kwenye msimbo wenyewe. Sababu haionekani popote pengine. Na kila komiti ijengeke bila hitilafu, maana ndipo `git bisect`, inayotafuta komiti iliyoleta hitilafu kwa kugawa historia nusu kwa nusu, inapofaa: kati ya komiti 1,000 unampata mkosaji kwa majaribio kama 10. Komiti za nusu nusu zinaiharibu kabisa.

kibodi_moto
Shukrani sana wakuu. La mwisho: `.env`, faili la mipangilio lenye nywila ya hifadhidata, imo kwenye repo. Nimeiweka kwenye `.gitignore`, orodha ya faili za kupuuzwa na Git, bado inapanda.

fundi_seva
`.gitignore` haigusi faili ambalo Git tayari inalifuatilia. Lakini kwanza badilisheni nywila, leo hii, kwa sababu ya zamani imo kwenye kila nakala ya repo. Kisha `git rm --cached .env`, ili Git iache kulifuatilia bila kulifuta kwako, na ukomiti. Waambie wenzako wahifadhi nakala ya `.env` zao pembeni kabla ya kupuli, la sivyo komiti hiyo itazifuta kwenye mashine zao.

Kusafisha historia kwa `git filter-repo` kunafuata baadaye, na kila mmoja lazima achukue repo upya. Atakayeunganisha kutoka nakala ya zamani na kupushi atairudisha ile faili.