Ukoo wa Nahodha: Mama akapumzike wapi?

JUMAMOSI

Zuhura: Assalaam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa wote. Tumefika salama, mimi na shemeji yenu. Kijiji kinaitwa Çıralı, semeni Chirali, mkoa wa Antalya, kusini mwa Uturuki. Picha zinakuja mojamoja, mtandao wa hapa mzito.

Shangazi Mwanaisha: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Alhamdulillah. Mmekula?

Zuhura: Tumekula Shangazi. Gözleme. Ni mkate mwembamba, unasukumwa mbele yako, unatiwa spinachi na jibini ndani, unakunjwa, unachomwa juu ya bati la moto. Anayepika ni mama wa makamo, kakaa chini na kibao chake na kijiti chembamba cha kusukumia. Tukashushia ayran, mtindi uliopigwa na maji na chumvi.

Shangazi Mwanaisha: Chumvi kwenye mtindi! Haya.

Salim: Nimeziona picha. Pazuri, mashaallah. Lakini Zuhura, mbona sioni majengo? Nilidhani mko Antalya mjini.

Zuhura: Hapana kaka, mjini tumepaacha mbali, kama kilomita 80. Unafuata barabara kuu ya pwani, kisha unakunja kushoto na kuteremka kilomita 7 za kona tupu mpaka baharini. Huku chini utakuta michungwa, mikomamanga, kuku wanazurura, na vyumba vya mbao ndani ya bustani za watu. Ufukwe una zaidi ya kilomita 3, nyuma yake misonobari na mlima. Jengo refu hakuna.

Salim: Nauliza kwa ajili ya lile jambo la Mama.

Tatu: Kaka Salim, lile jambo si tulikubaliana tulisemee kule kwingine? Mama yumo humu.

Mama: Nimeshasoma. Jambo gani?

Salim: Basi na lijulikane. Mama, shikamoo. Umefundisha maisha yako yote, sasa umestaafu, na hujawahi kusafiri kwa ajili ya nafsi yako ila Hija. Watoto wako tumechanga. Mwakani tunataka ukapumzike Uturuki, Zuhura akiwa bado yuko huko. Mimi napendekeza zile hoteli kubwa za Belek au Lara, upande wa mashariki wa Antalya. Unalipa mara moja, chakula na vinywaji vyote vimo, lifti zipo, mabwawa ya kuogelea yapo, hushughuliki na chochote.

Mama: Marahaba. Allah awazidishie wanangu, mmenitoa machozi hapa jikoni. Lakini Salim, bwawa la nini na bahari ipo?

Baba Mdogo Hamisi: Shemeji kasema.

Zuhura: Mama, mimi naomba nikupiganie hoja. Zile hoteli nimewahi kukaa, tulipelekwa na chuo kwa mkutano. Ni nzuri, na wafanyakazi wake wana adabu sana. Lakini asubuhi watu wanawahi kutandika taulo kwenye viti ili wasikose nafasi, muziki unaanza kabla jua halijapanda, na chakula kiko meza hamsini mpaka unachoka kuchagua. Ukirudi nyumbani huwezi kusema umeiona Uturuki. Wewe umesikia kengele na kelele za watoto miaka yote hiyo. Hapa hutasikia kitu ila mawimbi, nyenje na adhana.

Mama: Adhana ipo?

Zuhura: Ipo Mama. Wenyewe wengi ni wa madhehebu ya Hanafi, utaona tofauti ndogondogo katika sala, lakini utasali kwa utulivu. Na nyama usiwe na wasiwasi nayo.

Tatu: Na magoti je? Mawe yale kwenye picha mbona mengi?

Zuhura: Ni kweli, ufukwe ni kokoto zaidi ya mchanga, zinaumiza nyayo. Dawa yake yeboyebo, unaingia nazo mpaka majini. Maji hayana kupwa na kujaa kama ya kwetu, Mama. Asubuhi na jioni bahari iko palepale, hutembei nusu saa kuifuata. Inashuka kina upesi, kwa hiyo unakaa pembeni tu, maji yanakufika kifuani, unayaacha magoti yaelee.

Shangazi Mwanaisha: Atavaa nini sasa, mtu mzima?

Zuhura: Anachotaka Shangazi. Leo nimeona mabinti waliovaa vichache, na karibu yao bibi kizee kajifunika kuanzia kichwa mpaka miguu, anaogelea na wajukuu. Hakuna aliyemtazama mwenzake mara mbili.

Salim: Mchana kutwa atafanya nini lakini? Mama hawezi kukaa bure.

Zuhura: Hilo ndilo ninalotaka ajifunze! Kaka, mbele ya kila chumba kuna jukwaa la mbao lenye mito, chini ya mti. Unapanda, unavua viatu, unajilaza. Chai inakuja ya rangi, haina maziwa, kwenye vigilasi vidogo. Birika zao zinabebana, ya chini maji ya moto, ya juu majani makali, wewe unachanganya upendavyo. Asubuhi unaandaliwa zeituni, jibini jeupe, nyanya, matango, mayai, asali, na jamu ya machungwa yaleyale ya bustanini. Kula huko kunachukua saa mbili na hakuna anayekuharakisha. Mwenye nyumba alimwambia shemeji yenu akaze moyo asiinuke mapema.

Mama: Saa mbili za kunywa chai. Marehemu baba yenu angefurahi huyo.

JUMAPILI

Zuhura: Sabahul kheri. Amkeni muone video hii! Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Mnaona ile mistari kwenye mchanga, kama mtu kaburuta kamba kutoka juu mpaka majini? Ni nyayo za vifaranga vya kasa. Wametoka usiku huu.

Tatu: Subhanallah!! Kasa aina gani?

Zuhura: Caretta caretta, wale wa kichwa kikubwa. Majike wanapanda kutaga kuanzia Mei mpaka Agosti, na mayai yanaanguliwa baada ya siku kama 50 au 60, kwa hiyo sasa mwanzo wa Septemba ndio mwishomwisho. Kila kiota kimefunikwa kizimba cha waya kisichimbwe na mbweha wala kukanyagwa na watu. Vijana wa kujitolea wanapita kila alfajiri na daftari, wanahesabu.

Tatu: Wanafunzi wangu lazima waione hii. Na mnajua, jinsia ya kifaranga inaamuliwa na joto la mchanga? Ukiwa wa moto zaidi wanatoka majike wengi. Dunia ikizidi kupata joto madume yatakuwa adimu. Jambo hili linaninyima usingizi.

Baba Mdogo Hamisi: Hata kwetu wapo. Kule Madete, kwenye Hifadhi ya Saadani, wanataga kasa wa kijani. Zamani sisi wavuvi tulikuwa tukila mayai yake bila kufikiri. Siku hizi watu wameelimishwa, ukikuta kiota unatoa taarifa.

Zuhura: Baba Mdogo, hapo ndipo nilipotaka kufika. Salim jana kauliza mbona hakuna majengo. Sababu kubwa ni hao kasa na magofu ya kale. Ufukwe unalindwa kisheria, na milima inayotuzunguka ni ya Hifadhi ya Taifa ya Beydağları, iliyotangazwa mwaka 1972. WWF, shirika la kimataifa la kulinda mazingira, walikuja hapa wakafanya kazi na wanakijiji wenyewe. Kifaranga akitoka usiku anafuata upande wenye mwanga, yaani bahari inayoakisi nyota. Ukiwasha taa kali nyuma yake anageuka, anaelekea barabarani, anakufa kabla jua halijapanda. Ndiyo maana usiku hapa pwani ni giza. Watu wanaombwa wasiwashe moto wala kumulika tochi mchangani. Kuna mgahawa mmoja uliacha taa zake zikiwaka jana, imeniuma sana.

Salim: Kumbe.

Zuhura: Kwa hiyo utulivu huu kuna watu wanaulinda kila siku. Mwenye nyumba yetu angeweza kujenga ghorofa tano hapa, na fedha angezipata. Hakutaka, au sheria haikumruhusu, vyovyote iwavyo mimi namshukuru. Ningependa pesa zetu ziende kwa watu kama hao.

Mama: Umesema vizuri mwanangu. Endelea.

Zuhura: Mchana tumetembea mpaka mwisho wa ufukwe upande wa kusini. Kuna kijito, unavuka, unakata tiketi, unaingia mji wa kale wa Olympos. Ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya Likia, ile miji iliyoungana zamani na kupiga kura kwa pamoja. Olympos ilikuwa na kura tatu, kiwango cha juu kabisa. Sasa umefunikwa na miti. Unatembea kwenye kivuli, maji yanapita pembeni, ghafla unakutana na ukuta wa Kirumi na mzabibu umeupanda. Lakini Mama, nataka uione picha hii. Ni kaburi la nahodha.

Mama: Nahodha?

Zuhura: Anaitwa Eudemos. Jeneza la jiwe, limechongwa jahazi ubavuni, liko karibu kabisa na mdomo wa kijito ulipokuwa mlango wa bandari. Na kuna shairi la Kiyunani. Maana yake ni kwamba jahazi limeingia bandari ya mwisho na kutia nanga, halitatoka tena, maana halitarajii tena upepo wala mwanga wa mchana.

Shangazi Mwanaisha: Nimesisimka mwili. Baba yetu huyo! Alipokuwa mgonjwa mwaka wa mwisho alikuwa akiuliza upepo umegeuka au bado, kila asubuhi, na sisi tunamjibu.

Mama: Kweli Mwanaisha. Kaskazi imeanza? Ndilo neno lake. Alikuwa hajapanda chombo miaka mingi.

Baba Mdogo Hamisi: Allah amrehemu. Mzee yule alinifundisha kusoma maji kabla sijajua kusoma daftari.

Zuhura: Amin. Nilisimama pale nikamwombea Babu, shemeji yenu akasubiri bila kusema neno. Ndipo nikajua hapa ni pako Mama, mkwe wa nahodha.

Tatu: Dada, mmenifanya nilie kwenye daladala.

Zuhura: Jioni hii tunapanda Yanartaş. Moto unaotoka mwambani wenyewe, gesi ya methani inapenya kwenye nyufa na kuwaka, na umekuwa ukiwaka tangu enzi za kale, zaidi ya miaka 2,000. Mabaharia walikuwa wakiuona kutoka baharini. Wayunani wakasema pale chini kalala Chimaera, dude lenye kichwa cha simba, mwili wa mbuzi na mkia wa nyoka, lililouawa na Bellerophon akiwa juu ya farasi mwenye mabawa.

Salim: Hapo Mama hapandi.

Zuhura: Hapo hapandi, nakubali. Ni ngazi za mawe kama kilomita moja, na kurudi ni giza, lazima tochi. Nitampigia video.

Mama: Nani kasema sipandi? Tutaona mwakani.

Shangazi Mwanaisha: Huyu na magoti yake!

Zuhura: Siku hiyo ya mlima tunaweza kumpeleka Ulupınar, juu barabarani. Chemchemi zinatiririka chini ya meza, wanafuga trauti, samaki wa maji baridi, wanakuokea kwenye chungu. Joto la mchana likizidi watu wanakimbilia huko.

Tatu: Joto likoje? Tuchague mwezi.

Zuhura: Julai na Agosti usije, ni zaidi ya nyuzi 30 na kijiji kinajaa. Mei bahari bado ya baridi kwa mtu wa Tanga. Mimi nasema mwanzo wa Septemba, kama sasa. Maji ya uvuguvugu, wenye watoto wa shule wanaanza kuondoka, na vifaranga wa mwisho bado wanatoka.

Salim: Safari yenyewe?

Zuhura: Dar mpaka Istanbul usiku mmoja, kisha ndege ya ndani mpaka Antalya, saa moja na kidogo. Mimi nitampokea Istanbul, hatapita peke yake uwanja mkubwa ule. Kutoka Antalya tutakodi gari, saa moja na nusu hivi. Vijana wanapanda basi mpaka njia panda halafu dolmuş, kibasi kidogo kinachosubiri kijae ndipo kishuke, lakini kwa Mama hapana.

Salim: Sawa. Mimi nimeridhika. Kusema kweli nilikuwa nawaza lifti na usalama, sikuwaza anapenda nini. Mama, neno la mwisho lako.

Mama: Nakwenda kijijini kwa Zuhura. Nataka kumwona kifaranga akiingia majini, na kaburi la yule nahodha nilifikie kwa miguu yangu. Kwa mlima msiniwekee mpaka. Ila kuku wangu?

Baba Mdogo Hamisi: Kuku waletwe kwangu, shemeji. Nina banda tupu.

Mama: Na yule jogoo mkorofi?

Baba Mdogo Hamisi: Na yeye.

Shangazi Mwanaisha: Jamani, mimi je? Akae chumbani peke yake huko ugenini? Nina akiba yangu ya kikoba, inatoka Juni.

Zuhura: Shangazi!! Ndiyo! Ngoja nikamuulize mwenye nyumba sasa hivi.

Zuhura: Nimeuliza. Kuna chumba cha chini kisicho na ngazi, vitanda viwili, bafu ndani, mlangoni kuna mti wa komamanga. Anakiandika jina letu kuanzia wiki ya kwanza ya Septemba mwakani, anataka malipo ya awali kidogo tu.

Salim: Nitumie kiasi, nakirusha kesho kutoka Muscat.

Shangazi Mwanaisha: Pasi yangu ya kusafiria imeisha muda tangu tulipotoka Hija.

Tatu: Kesho sina kipindi asubuhi, Shangazi. Tafuta pasi ya zamani, kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, nikupitie saa mbili tujaze fomu ya Uhamiaji kwenye kompyuta ya shuleni.