Ukigongwa na semi barabara ya Masasi – Mnazi Mmoja, nani analipa? Miezi 19 sasa mdogo wangu hajapata hata mia

Wakuu habari za sa hivi. Naandika nikiwa na hasira kwaiyo mnisamehe nikiruka ruka, ila hili jambo limenifika hapa shingoni na najua siko peke yangu huku kusini.

Mwezi wa saba mwaka juzi mdogo wangu aligongwa na semi, yale malori ya kichwa na tela, imebeba makaa ya mawe, kati ya Nyangao na Mtama. Alikuwa kwenye pikipiki anatoka kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, bomba lake la injini kalifunga nyuma. Semi ilikuwa inaipita Kenta, kilori kidogo, kwenye kona, kichwa kikampita salama kabisa, dogo akajua kapona, alafu lile tela likaingia ndani likamfagia na pikipiki yake mpaka kwenye mtaro. Paja limevunjika sehemu mbili, goti mpaka leo halikunji, ndani kuna chuma kinasubiri kutolewa na hela ya kukitoa hatuna.

Sasa nieleze kwanini nasema semi. Dada yetu, mtoto wa mama mdogo, aligongwa na gari ndogo pale Rahaleo Mtwara mjini mwaka 2022 akavunjika mkono. Mwenye gari ndo alikuwa anaendesha mwenyewe, kashuka, kambeba mpaka hospitali, namba ya simu katoa, stika ya bima ipo kwenye kioo. PF3 ya polisi ikatoka, ramani ya ajali ikachorwa, gari likakaguliwa, dereva kesi yake ya trafiki akakiri akapigwa faini, tukapeleka karatasi kwenye bima moja, ofisi moja. Tulisumbuliwa ndio, ila miezi mitano dada kalipwa. Kwaiyo la dogo lilipotokea mi nikajiamini kabisa, nikasema njia naijua.

Kumbe sijui kitu!!

Semi sio gari moja wakuu. Kichwa kina namba yake ya usajili, tela lina namba yake. Kichwa kina stika yake ya bima na tela lina stika yake, na mara nyingi wenyewe ni watu wawili tofauti, huyu ana kichwa kakodi tela la mwenzake, mzigo wa mtu wa tatu, na katikati kuna dalali aliyewakutanisha. Siku ya ajali shemeji yangu alipiga picha namba ya mbele tu. Bahati mzee mmoja wa pale akamwambia "mwanangu, piga na ya nyuma", shemeji akaenda, kibati chote kimejaa vumbi la makaa halisomeki, akavua kanga yake ya juu akafuta kwa mkono. Ile picha ninayo, kibati kimefutwa katikati, pembeni bado cheusi, na kona ya kanga inaonekana. Bila ile kanga leo tusingekuwa na pa kuanzia kabisa.

Nikaenda bima ya kichwa. Dada wa pale akanijibu vizuri tu, "kaka sisi tumekatia kichwa, na kwenye ramani kilichomgonga mdogo wako ni tela". Haya, nikafunga safari Dar kwenye bima ya tela, basi la usiku. Nikaambiwa "mzee wangu, tela halina injini, halijiendeshi, aliyekosea ni aliyekuwa analivuta, rudi kwa wenzetu". Nimezungushwa hivo mara nne! Mtu amelala kitandani na mguu umening'inizwa na ofisi mbili zinabishana kama mkia ni sehemu ya mnyama.

Kwa tajiri wa kichwa nako, jibu la kwanza ni kwamba yule dereva sio wake, ni deiwaka, kibarua wa siku tu, dereva mwenyewe alishuka njiani akampa mwenzie usukani. Inanihusu nini mimi? Gari lako, safari yako, mzigo umepakiwa kwa faida yako, dereva akikosea akiwa kwenye kazi yako wewe ndo unabeba, hilo hata mwanasheria wa msaada wa kisheria aliniambia dakika ya kwanza tu.

Alafu ushahidi. Kigari kidogo kikigonga kinakaa kituoni wiki nzima, unakiona. Semi yetu iliachiwa kesho yake mchana, tukaambiwa meli inasubiri mzigo bandarini Mtwara. Ikaondoka na kila kitu. Nyie mnajua lori la ekseli saba linaruhusiwa mpaka tani 56, karatasi ya mizani ingeonyesha lilibeba ngapi siku ile. Breki za tela zingekaguliwa vizuri. GPS ya tajiri ingesema lilikuwa spidi ngapi, maana gari la zaidi ya kilo 3,500 mwisho ni 80 na kwenye makazi 50. Nilipoomba hiyo rekodi ya GPS baada ya miezi mitatu nikaambiwa imeshajifuta.

Nimesoma kuhusu Marekani nikaumia zaidi. Kule dereva wa lori la mizigo mwisho masaa 11 ya kuendesha ndani ya zamu ya masaa 14, kuna kifaa kinajirekodi chenyewe na kampuni lazima itunze hizo rekodi miezi sita, na lori kubwa la mizigo linalovuka majimbo bima yake haishuki chini ya dola 750,000. Yaani wamekaa wakaona lori sio gari ndogo, madhara yake sio sawa, basi na masharti yake yasiwe sawa. Sisi huku semi ya tani 50 inakuja na bima ndogo na fomu zile zile za Vitz.

Utingo wa ile semi naye aliumia bega. Yeye kama mwajiri wake kasajiliwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Dogo kagongwa na kazi ya mtu mwingine, hana mfuko.

Linaloniuma kuliko yote ni hili la kipato. Watu wa bima wakataka "salary slip". Mpuliza mikorosho!! Nikapeleka karatasi za AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, malipo ya mnada ya misimu mitatu yaliyoingia kwenye akaunti yake benki, na barua za watu watano wanaompa mashamba yao apulize. Akaja adjasta wao, mkadiria hasara, na milioni moja na nusu na karatasi ya kusaini, imeandikwa ni malipo kamili na ya mwisho. Mama alishashika kalamu, nikamnyang'anya. Ukisaini ile imeisha, chuma kitatolewa na nani? Misimu miwili dogo hajabeba bomba, mikorosho yake mwenyewe imepigwa na ugonjwa wa ubwiri unga kwa kukosa salfa, mke wake anauza mihogo ya kukaanga stendi.

Sa hivi nimeomba nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki ambayo dereva alikiri, na barua nimeandika TIRA, mamlaka inayosimamia bima, nyingine kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Madai ya kuumizwa kwa uzembe mwisho wa kufungua kesi ni miaka mitatu, imebaki mwaka na miezi mitano, na nawashtaki wote kwa pamoja, dereva, mwenye kichwa, mwenye tela, wakabishane mbele ya hakimu sio mbele yangu.

Naomba mwenye kumjua wakili wa Lindi au Mtwara aliyewahi kushika kesi ya kichwa na tela za watu tofauti aje inboksi. Na kama kuna mtu alipita Nyangao jioni ile akapiga picha au video kabla semi haijaondolewa, naomba sana, hata kama haionekani vizuri nitumie hivo hivo.