Mji Mkongwe unaliwa na saruji, wapimaji nao hawaishi kuja

Wakuu, leo niacheni niseme. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe imeshapimwa na kila aina ya mtafiti. Wanakuja na kamera na futi kamba, wanapiga picha mlango wa nakshi, wanamhoji bibi nani aliijenga, chai wanakunywa, wanakwenda zao. Ripoti hatujaiona hata moja.

Ukuta wa uani ulipoanza kupukutika tukaandika barua kwa wahusika. Jibu: msiguse kitu mpaka kibali kitoke. Kibali kikatoka, akaletwa mkandarasi na mifuko ya saruji.

Saruji! Kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe!

Fundi yeyote wa zamani angewaambia kuta hizi ni za chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea na chumvi inapanda. Masika moja tu, rangi imevimba, chini umejaa unga mweupe, lipu inabanduka na kipande cha jiwe. Juu kuna boriti za mikoko: ncha iliyoingia ukutani imeoza, ukichomeka kalamu inazama. Na chini yake ndipo tunapolala.

Mkandarasi namuelewa, ingawa simsamehi. Chokaa nzuri inalowekwa kwa miezi, yeye analipwa akimaliza haraka. Lakini aliyesaini kibali?

Msiniambie UNESCO, najua, tumo kwenye orodha yao ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, nalo lilikuwa humo humo kwenye orodha. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka mafundi wakiwa kazini, watu wawili wakafariki. Nikadhani baada ya hapo watu wataogopa. Wapi! Semina zimeendelea hotelini, mabango yameendelea, na wazee wanaojua kupika chokaa wanakufa bila mwanafunzi. Kwani kuwalipa wazee hao wafundishe vijana wa mtaani kunagharimu kuliko semina?

Aliyewahi kubandua lipu ya saruji bila kuangusha ukuta atuelekeze alifanyaje. Chokaa ya kuloweka siku hizi Unguja inapatikana wapi?

Na wewe mtafiti unayesoma hapa kimya kimya, ripoti ya nyumba yetu tuletee. Kwa Kiswahili, bibi anataka asomewe.