Naomba ushauri: oposumu asiye na mfuko nimweleze vipi darasani?

Heshima kwenu wakuu. Nafundisha baiolojia sekondari huku Tukuyu. Nimekwama kwa marmosa, oposumu wadogo wa mitini wa Amerika ya Kati na Kusini. Nilisema wamo kundi moja na kangaruu, "wanyama wa mfuko", mimba wiki 2 hivi tu. Mwanafunzi akauliza mfuko uko wapi. Hawana! Vichanga hung'ang'ania chuchu, nje kabisa. Nikawafananisha na komba wetu wa msitu wa Rungwe, nikaharibu zaidi (mvua nayo ilikuwa inapiga bati): sasa wameandika komba ni oposumu.

Nimeshataja mkia, kwamba marmosa hushikia tawi, komba hawezi. Haikutosha. Je, nianzie kwenye uzazi au kondo la nyuma? Na jina "wanyama wa mfuko" niliache?