Mdogo wangu anataka kusomea uongozaji ndege, nimshauri vipi?

Dada_wa_Wete: Assalaamu alaykum. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita hapa Pemba, kasoma Fizikia, Jiografia na Hisabati. Ameshikilia kusomea uongozaji ndege, ile kazi ya kuwaelekeza marubani kutoka mnarani. Mzee hataki: chuo kiko Dar es Salaam, ada si ndogo, na yeye anaona kazi yenyewe ni mnara wa uwanja wa ndege wa Chake hapa Pemba na wa Kisauni kule Unguja, basi. Mimi naona mtoto ana uwezo na anaitaka kweli, ila sina hoja za kumpa mzee. Akimaliza ataajiriwa na nani? Halafu anavaa miwani.

Mnarani: Waalaykum salaam dada. Kwenye ajira ndipo wengi wetu visiwani tunapochanganya. Uwanja wa Abeid Amani Karume, huo wa Kisauni, unaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, kwa hiyo watu hudhani na mnarani ni hao hao. Sivyo. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na waongoza ndege wako chini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Atashindania nafasi na vijana wa Mwanza na Arusha, na akipata anaweza kupangiwa bara. Mzee alijue hilo mapema.

CATC, chuo cha usafiri wa anga pale Dar, ni cha TCAA wenyewe. Lakini cheti cha darasani si leseni. Baada ya kozi unakaa kwenye kituo, unaongoza ndege chini ya macho ya mwenye leseni, mpaka upimwe na upite kwa kituo kile. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni hiyo haitolewi kwa aliye chini ya miaka 21. Sasa aliyejilipia kozi bila mwajiri atafanyia wapi mazoezi hayo? Mnara si duka useme utafungua wako. Kabla ya kulipa, ulizeni chuoni: wanaojilipia wanapokewa wapi baada ya kozi?

Miwani isimtishe. Kipimo cha afya ni cha daraja la tatu, na macho yanayoona vizuri kwa miwani yanakubalika. Apimwe pia masikio na kutofautisha rangi, kabla ya ada.

BabaNasra: Naongeza Kiingereza. ICAO inataka angalau kiwango cha 4 kati ya 6, cha kusema na kusikia. Kisauni njia ya kurukia ni moja, Cessna ndogo za watalii zinafuatana na ndege kubwa za kutoka Ulaya, na kila rubani ana lafudhi yake. Rubani akirudia maelekezo kimakosa, wewe ndiye wa kulikamata kosa lile pale pale. Aanze kujizoeza sasa.

Ukhti_Chake: Kama moyo wake uko kwenye anga, atazame na ufundi wa mitambo ya mawasiliano na rada, au hali ya hewa. Fizikia na Hisabati alizonazo zinamfaa huko kote, na shahada itampa milango mingi zaidi. Mimi ningemwambia aombe chuo kikuu mwaka huu, huku akifuatilia matangazo ya TCAA.

Dada_wa_Wete: Allah awalipe kheri. Mzee anauliza pia kama kuna zamu za usiku kwa wanawake.

Mnarani: Zipo, na wanawake wanazifanya sawa na wanaume. Hilo mwambieni wazi, asije akalisikia baadaye.